Nusu Kilomita kwa Mwaka

Bibi Tokuda anaapa kwamba mwaka jana, siku ya mbio za kupokezana za vijiji, wakimbiaji wote walipokwisha kupita na askari wakaanza kuokota koni za barabarani, alisikia mtu mwingine anakuja. Alikuwa anatundika figili zikauke chini ya paa. Nyayo zilikuja mbio, nyepesi, na pumzi inayokwaruza. Zikafika langoni kwake, zikanyamaza. Alipogeuka, hapakuwa na mtu. Figili tu zilikuwa zinacheza kwenye kamba.

“Ni Takumi,” alimwambia kila aliyeingia kunywa chai. “Mtoto wa watu bado anatafuta kufika.”

Hakuna aliyemcheka. Mwaka uliotangulia, kinyozi alizisikia nyayo hizo mbele ya duka lake. Kabla yake fundi baiskeli, kabla yake watu wa kituo cha mafuta, na mwaka wa kwanza kabisa, mzee mmoja pale darajani.

Mizue ndiye aliyekwenda kupima. Aliacha shule mapema akatengeneza tofu, ile jibini ya soya, na baba yake, lakini ndiye mshika saa wa timu ya kijiji, na kwa hesabu za mwendo hakuna aliyemfikia. Alisukuma gurudumu la kupimia kutoka jiwe la kilomita ya kumi na saba, pale mkimbiaji wao Takumi alipoanguka akafa miaka sita iliyopita, utepe wa kijiji wa kupokezana mkononi. Mpaka darajani, nusu kilomita. Mpaka kituo cha mafuta, nusu nyingine. Kila mwaka nusu, haizidi wala haipungui.

Mstari wa kupokezana utepe uko kilomita ya ishirini.

“Basi anafika mwaka huu,” alisema Mizue.

Asubuhi ya mbio alikwenda kwa Kosuke, akamkuta anafunga masanduku. Kosuke ndiye aliyekuwa amesimama mstarini mwaka ule, mkono tayari, akimngoja Takumi. Lakini timu ikichelewa kupita kiasi, bastola inalia, na anayengoja anaondoka na utepe mweupe usio na jina la kijiji. Bastola ililia, Kosuke akaondoka. Tangu siku hiyo mama yake Takumi hajawahi kuitikia salamu yake. Sasa alikuwa anahama.

“Masanduku utayafunga kesho,” Mizue alimwambia. “Leo ukasimame mstarini.”

“Nimngoje maiti? We Mizue, mvuke wa tofu umekupanda kichwani?”

“Anakutafuta wewe. Mpokee utepe wake, apumzike. Na wewe upumzike.”

Kosuke akakaa juu ya sanduku. “Ningemngoja hata mpaka jioni. Bastola ndiyo iliyonisukuma.”

“Najua.”

“Kitu kimoja tu sikielewi. Takumi mwendo wake ulikuwa dakika tatu na sekunde ishirini kwa kilomita, hata angefukuzwa na nguruwe mwitu. Ile ya mwisho aliikimbia kwa mbili na hamsini. Kwa nini?”

“Aliogopa kuchelewa.”

“Si wewe ulikuwa umesimama kilomita ya kumi na sita? Ulimwambiaje?”

“Kwamba kwa mwendo ule angechelewa sekunde arobaini.”

Kosuke akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. “Afadhali siku hiyo hukufanya mchezo wako. Unafikiri tulikuwa hatujui? Mtu ana sekunde thelathini za akiba, unampigia kelele ana kumi, miguu isije ikalegea.”

Mizue aliingiza mkono mfukoni mwa koti.

“Ile karatasi yako ya hesabu ya siku ile unayo bado?” Kosuke aliuliza.

“Ililowa theluji. Nikaitupa.”

Alasiri, mkimbiaji wa mwisho alipopita na koni kuanza kuokotwa, Kosuke alisimama mstarini. Mizue alisimama hatua chache nyuma yake na taulo kubwa, kama kawaida ya anayempokea mkimbiaji aliyemaliza. Mama yake Takumi alikuja pia, akasimama kando peke yake. Kosuke akainama kumsalimu. Mama yule alimtazama muda mrefu, kisha naye akainamisha kichwa.

Ndipo wakazisikia nyayo.

Zilitokea kwenye kona, nyepesi, zisizochoka. Kwa mazoea Mizue alizihesabu: tatu na ishirini kamili. Pumzi ilikuwa inakwaruza kama mlango wa kusukuma ulioharibika. Kosuke alinyoosha mkono, machozi yakimtiririka.

“Takumi! Njoo, ndugu yangu! Nipo!”

Nyayo zilifika mstarini. Hazikupunguza mwendo. Zilimpita Kosuke, upepo wake ukamgusa vidole vitupu, zikaja moja kwa moja kwenye taulo, zikasimama.

Ndani ya mfuko wa koti, Mizue alikuwa ameikamata ile karatasi ya hesabu. Hakuwa na haja ya kuifungua. Kwa miaka sita alijua kilichoandikwa humo, kwa mkono wake mwenyewe: *Takumi, kilomita ya kumi na sita, akiba dakika mbili.*

“Dada Mizue,” ikasema ile pumzi, kwa upole, karibu kabisa na sikio lake. “Nisomee tena.”