Begi Mlangoni

Kama kila asubuhi, Bi Sikudhani alimlaza bintiye Salha kifudifudi, akawa anampigapiga mgongoni kwa kiganja alichokikunja kama kikombe, ili makohozi yalegee. Leo mkono ulimwia mzito. Jana daktari alimwita kando: kwenye makohozi wamekuta bakteria asiyesikia dawa yoyote. Wakimpandikiza Salha mapafu mapya, bakteria huyo atayala nayo. Jina la Salha wamelifuta kwenye orodha ya wanaongoja mapafu.

Begi la hospitali lilikuwa mlangoni tangu mfungo uliopita, likingoja simu ya kuitwa kupandikizwa.

“Mama,” Salha alisema, uso kwenye mto, “nitolee begini zile kandambili za siku ya kurudi nyumbani. Nitazivaa leo.”

Kiganja kilisimama hewani.

“Endelea kupiga, mama. Bado hayajatoka.”