Alama ya Chaki

Fundi Mahfudhi alipoivua ngoma ya breki kwenye gurudumu la nyuma, aliiona chaki. Ilikuwa alama yake mwenyewe, herufi K, yaani kushoto, aliyoiandika juu ya breki mpya mwezi uliopita. Breki ingeshika hata mara moja, chaki ingefutika.

"Vipi, fundi?" aliuliza Bi Nuriati, mwenye gari. "Nikikanyaga linainamia mbele tu. Handibreki naivuta mpaka mwisho, halisimami."

"Breki za nyuma hazijawahi kugusa ngoma, mama. Nilisahau kuzisogeza ziifikie. Nisamehe."

Bi Nuriati alitaka kufoka, lakini Mahfudhi alikuwa tayari anapapasa mfuko wa simu.

Siku ile ya mwezi uliopita Mahfudhi alifunga breki za magari mawili, yote ya zamani, yote kwa haraka. La pili lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe. Asubuhi hii lilikuwa limemchukua mkewe Mahfudhi kwenda msibani, ng'ambo ya mlima.

Akapiga simu kwa vidole vyenye grisi. Mkewe akapokea.

"Mmefika wapi?"

"Ndio tumeanza kuteremka. Kuna harufu ya kuungua, kaka anasema ni lori lililo mbele yetu."

"Si lori, ni breki zenu za mbele zinaungua. Mwambie aweke gia namba moja, atafute pa kusimama."

"Baba Zuhura, sauti inakatika. Umesema lori?"

Simu ikakatika. Akapiga tena, ikaita tu. Alikuwa bado ameinama kwenye gurudumu, na kidole gumba chake kikapita juu ya ile K.

Ilifutika kwa mguso mmoja.