Soksi Nene

Pale kliniki, kati ya soksi mbili za kubana uvimbe, Tausi alitaka ile nyembamba, ya rangi ya ngozi yake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba tangu alipofanyiwa upasuaji wa saratani, na alichoka kuulizwaulizwa sokoni.

Nesi Perpetua alimvalisha. Tausi alipokaa, soksi ilijikunja kifundoni ikamkata kama kamba.

"Hii itakuumiza, dada. Mguu wako unataka hii nene."

Ile nene ilikuwa ya kijivu, ngumu kama gunia. Machozi yalimlengalenga Tausi.

"Watu wataniona, nesi."

"Na waone. Wewe unatamani kwenda wapi?"

"Kwa mama, kule kilimani. Siku hizi ananiona kwenye simu tu."

Nesi alimpa glavu za mpira ili soksi isimteleze mikononi. Tausi alivuta soksi, akatweta, akavuta tena mpaka ikafika gotini. Aliposimama, alihisi mguu umeshikwa sawasawa, kama mtu ameukumbatia.

Nje, mumewe Mbaraka alikuwa ameshaita bajaji. Tausi alimshukuru dereva, akamwambia aende zake, kisha akashika njia ya kilimani.

"Mama Latifa, ningoje basi!" Mbaraka alimwita mkewe, akikimbia kumfikia.