Beseni Lisilopungua

Kinyozi alikuwa amepiga magoti uani, jua halijachomoza vizuri, akichomeka vijiti vya mboga kwenye beseni la mkewe. Alichomeka harakaharaka, sikio likiwa kwenye mlango wa chumbani.

Mboga yenyewe ni ile inayoota majini, ya majani madogo ya mviringo na ukali unaopanda mpaka puani. Mkewe alianza kuiotesha pale macho yalipomlazimisha kuachana na cherehani. Kabla ya hapo alikuwa akishinda kimya kama mgeni ndani ya nyumba yake. Beseni likamrudishia nyimbo. Kisha akaenda kumuuguza dada yake, akamwachia mumewe kazi moja tu, kubadilisha maji. Mumewe akasahau. Mboga ikaoza yote.

Kumwambia? Thubutu. Kinyozi alikimbia sokoni, akanunua mafungu, akayachomeka majini. Mkewe aliporudi akayapapasa majani, akacheka peke yake kwa raha.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mkewe alivuna bila huruma. Akikata jioni, asubuhi beseni limejaa. Likijaa, anakata zaidi. Aliipika supu, akaikaanga na mayai, akaiunga kwa nyanya, ambazo siku hizi hazikuisha jikoni. Kinyozi alikula mpaka wateja wakamuuliza kama ana mafua.

"Mume wangu, mkono wangu una baraka," alisema mkewe akimwongezea bakuli.

"Naona, mke wangu," akajibu, akifuta machozi ya ule ukali.

Angeweza kumwomba wapumzike kidogo. Lakini aliuogopa ule ukimya kuliko majani.

Siku moja mkewe akaalika washonaji wenzake wa zamani waje kulitazama beseni. Asubuhi hiyohiyo akaikata mboga yote, akasema beseni litajaa tu kabla wageni hawajafika, naye anatoka mara moja. Kinyozi kuchungulia, anaona maji matupu. Akatimua mbio hadi sokoni, na koti lake la kunyolea mwilini.

Meza ya muuza mboga ilikuwa na nyanya tu.

"Leo sina hata fungu moja, kaka," akasema muuza mboga. "Ila subiri, yule mama anayeniletea hakawii."

"Anakaa mbali?"

"Wala. Huyo anakuja."

Kinyozi akageuka. Mkewe alikuwa akivuka barabara, kapu la majani mabichi mkononi, akiimba.