Mistari Miwili Meupe

Fundi Chausiku alimdharau Bwana Mbwilo tangu siku alipoleta gari lake liinuliwe kimo, mtu ambaye viatu vyake havijawahi kuona tope. Sasa alikuwa amerudi, ameshuka kwa kukanyaga kigoda, analalamika kwamba gari likifika themanini linatetemeka hadi meno yanagongana.

"Si ulitaka kututazama kutoka juu, mzee?" Chausiku alisema kwa sauti, na gereji nzima ikaangua kicheko. "Gari likiinuliwa hivi propela inakaa mshazari. Vumilia!"

"Mbona hukuniambia ulipoliinua?"

Chausiku akasonya, akaingia uvunguni. Propela ile, shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, ina vipande viwili. Kila anapoitenganisha huchora mstari mweupe kwenye kila kipande, ili wakati wa kuirudisha mistari itazamane; isipotazamana, gari hutetemeka. Fundi asiyefanya hivyo yeye humwita mchinjaji.

Mistari aliyoichora kwa mkono wake siku ya kuliinua gari ilikuwepo. Mmoja ulitazama chini, mwingine ulikuwa ubavuni.

Nje walikuwa bado wanacheka.

"Umeona nini, fundi?" Mbwilo aliuliza, ameinama hadi shati lake safi likagusa oili sakafuni.

 Mkono wa Chausiku wenye kitambaa kilicholowa petroli ulikuwa umeshafika nusu ya njia kwenda kuifuta mistari.