Ndege Iliyobaki Pinga

Kiwanja kizima cha Masisi kilikuwa kikitazama juu, kikingoja ndege ya timu ya Pinga. Tuyizere akawatokea kwa nyuma, juu ya pikipiki, matope yamemfika magotini, wachezaji wake wakimfuata wawili wawili juu ya pikipiki nyingine.

Kicheko kikalipuka. Yeye ndiye mwenye ndege, na ndiye mwenye timu; ndege yake imechorwa kifuani mwa kila jezi. Miaka yote timu ya Pinga ilishukia Masisi kutoka angani, watu wakiionea wivu.

Jana asubuhi wachezaji walikuwa wameshakaa ndani, mikanda imefungwa. Tuyizere akainama kupapasa gurudumu, kama alivyozoea. Kidole kikazama kwenye ufa mpaka kwenye ukucha. Mwezi uliopita breki ndizo zilizokufa.

"Papa, itatua tu," rubani akasema. "Tukienda na barabara tutachelewa, batatupiga forfait, mechi itapotea bila kucheza."

Tuyizere akakitazama kile kidole, kisha akafungua mlango. "Mushuke bote."

Sasa shabiki mmoja wa Masisi alikuwa ameegemea uzio, anacheka. "Papa Tuyizere, ile ndege yako iko wapi?"

Tuyizere akainamisha kichwa. Nahodha wake akaanza kupangusa matope kifuani pake kwa kiganja, taratibu, mpaka ile ndege ndogo ikaonekana.

"Imebaki nyumbani," nahodha akasema. "Siye tuko hapa, bote."

Kicheko kikakatika. Tuyizere akainua kidevu, akamgeukia refa.

"Puliza."