Kikohozi Chini ya Kofia

Kanisius alikohoa mara ya tatu, ingawa kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Kofia ndefu nyekundu ilimfunika hadi kidevuni, ikamwachia matundu mawili ya macho, na begani alibeba pembe moja ya jeneza lenye sanamu ya Bwana Yesu. Wenzake watatu walivaa vivyo hivyo. Ndiyo Ijumaa Kuu ya kijijini kwao, kisiwani Flores: wachukuzi ni wanne, na anayewajua ni padri peke yake.

Nadhiri aliiweka mwenyewe. Rofin, mwanawe, alipopotea miezi saba kwenye mashamba ya michikichi huko Sabah, ng'ambo ya bahari, Kanisius alimwahidi Mungu: mrudishe, nami nitakubeba bila kujulikana na mtu. Rofin akarudi, amekonda lakini mzima. Sasa baba mtu akijulikana, nadhiri imevunjika, na jeneza hatalibeba tena maisha yake yote.

Uzito aliuweza. Kilichomshinda ni huko kutojulikana. Miaka ishirini amefagia kanisa, hakuna aliyemwambia ahsante, na leo amembeba Bwana nako ni kimya! Yeye hangesema neno. Alitaka tu mkewe akisie mwenyewe. Hapo dhambi iko wapi? Basi akakohoa kile kikohozi chake cha kukwaruza, akaburuta na mguu wa kushoto kama kawaida yake.

Petronela, mkewe, alisimama kando ya njia na mshumaa. Akageuka ghafla. Moyo wa Kanisius ukaruka.

"Huyo ni Bertus!" Petronela akawaambia wanawake wenzake kwa sauti. "Hamuoni anavyoburuta mguu?"

Bertus! Fundi baiskeli, jirani yao, anayekoroma katika kila mahubiri! Kanisius akakohoa hadi jeneza likayumba.

"Bertus kabisa," Petronela akarudia, sasa anatembea sambamba nao. "Maskini, na goti lake lile."

Walipofika kanisani, njia nzima ilikuwa ikimbariki Bertus.

Jioni majirani wakaja kwa Kanisius kunywa kahawa na kutafuna mahindi ya kupondwa. Bertus naye akaingia, anachechemea.

"Pole na mzigo, kaka!" jirani mmoja akamwambia.

"Mzigo gani? Mimi nimeshinda kitandani na hili goti."

"Mnamsikia? Hata sifa hataki!"

"Jamani, haki ya Mungu si mimi!"

Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumsifu. Kanisius aliona kizunguzungu kwa hasira.

"Unyenyekevu ndio huo," akasema Mama Agnes, mwimbishaji wa kwaya. "Wengine wakifagia kanisa tu, wiki nzima hatulali kwa kusimuliwa. Hivi wewe Kanisius, leo ulikuwa wapi? Sikukuona kwenye maandamano."

Kanisius akafungua mdomo, lakini Petronela akamuwahi.

"Alibaki hapa kulisha nguruwe."

"Ijumaa Kuu? Nguruwe?" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Petronela akammiminia Bertus kahawa, akamzidishia sukari. "Kunywa, shemeji. Leo umechoka."

Kanisius akapiga meza, vikombe vikaruka.

"Ni mimi!" Akalivuta shati, akawaonyesha bega lililochubuka. "Bertus kabeba nini? Mimi ndiye niliyebeba! Mguu ule wangu, kikohozi kile changu! Na wewe, Petronela, miaka ishirini na mbili unanifulia na kunipikia, kweli hukunijua?"

Mama Agnes aliinamisha macho. Rofin alimtazama baba yake, kisha akatazama sakafu.

Petronela aliliweka birika chini.

"Nilikujua tangu kona ya kwanza, Baba Rofin," akasema. "Unadhani barabara nzima nilikuwa nalipigia kelele jina la Bertus ili kumficha nani?"